Daftarini niliandika "mafuta", kumbe namwaga mtaji barabarani



Leo siongelei picha za bidhaa wala mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Naongelea gari. Najua wengi humu mnatuma mizigo kwa bodaboda, na mambo yanaenda. Ila tupo sisi wenye Corolla, Carina na Noah za kizamani, gari lina miaka ishirini na kitu, siti za nyuma zimelazwa, mzigo umejaa mpaka dirishani. Hii ni yetu.

Nasema mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: steringi ikianza kuvuja, usiwe mtu wa kuongezea mafuta na kuendelea na safari. Tafuta panapovuja, wiki hiyo hiyo. Mimi niliongezea miezi mitano. Naandika hapa hesabu yangu yote, hata sehemu za aibu.

Nauza mashuka na mapazia, naishi Tabata, na gari langu ni Corolla 110 niliyonunua kwa mkopo wa kikoba. Rejesho ni 60,000 kila Jumamosi, mvua inyeshe jua liwake. Kwa hiyo hilo gari lisipotembea, mimi ndiye nakuwa wa kusimuliwa kwenye kikao.

Dalili ya kwanza ilikuwa sauti. Asubuhi nikikata kona kutoka getini, gari linalia kama ng'ombe mwenye njaa. Nikapita kwa kijana mmoja wa gereji ya mtaani, akafungua kifuniko cha kikopo, akasema, "Dada, mafuta ya steringi yamepungua, ongeza tu." Nikanunua chupa ya lita moja ya ile oili nyekundu, 14,000. Sauti ikapotea siku ile ile. Nikaona nimetengeneza gari.

Baada ya wiki tatu sauti ikarudi. Nikanunua chupa nyingine. Ndiyo ikawa mtindo. Chupa moja kila wiki tatu, naitunza kwenye buti pembeni ya mashuka. Hapo hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya mwenyewe. Nilijua kabisa kwamba kile kikopo siyo tanki la petroli. Mafuta ya steringi hayaungui wala hayaliwi. Yanazunguka humo humo, yakipungua yametoka nje. Lakini 14,000 hainiumi. Ingekuwa 100,000 kwa mkupuo ningeshtuka, ningeuliza, ningebishana. Elfu kumi na nne unatoa huku unaongea na mteja kwenye simu.

Kwa asiyejua mfumo ulivyo, nieleze kidogo, maana hata mimi nilieleweshwa ukubwani. Kwenye haya magari ya zamani kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Inasukuma mafuta kwa presha kubwa sana kupitia paipu ngumu mpaka kwenye reki, lile bomba refu lililolala chini kwa mbele linalogeuza matairi. Mafuta yakishafanya kazi yanarudi kwenye kikopo kupitia mpira wa kawaida, wenyewe presha yake ni ndogo. Mwenye Passo na magari mengi ya karibuni ambayo steringi yake ni ya umeme, hii stori haikuhusu, endelea na biashara.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Zilikuwa zimebaki siku tisa Sikukuu ya Idi. Nina mizigo sita ya Kigamboni, yote wateja wanalipa wakipokea. Niko kwenye foleni ya kivuko pale Magogoni, tunasogea kidogo kidogo, yule kijana anayepanga magari ananionyesha nikunje kulia. Nakunja, steringi haiendi. Nzito kama nageuza jiwe la kusagia. Nyuma yangu honi, mbele yangu lori, na kijana anapiga kelele, "Mama, kunja! Kunja!" Nilikunja kwa mikono miwili na goti, jasho linanitoka na AC inafanya kazi.

Gari lenye steringi ya namna hii halipotezi usukani kabisa mafuta yakiisha, bado unaweza kuligeuza, ila linakuwa zito hasa ukiwa kwenye mwendo mdogo. Sasa fikiria mtoto amekatiza mbele yako uchochoroni Mbagala na wewe unahitaji kukwepa kwa sekunde moja. Siku ile niliwaza pesa tu. Usiku ndiyo nikawaza hilo jambo, na usingizi haukuja vizuri.

Mizigo sita nikaipeleka hivyo hivyo, nikarudi kwa kuvizia, nikalipeleka gari kwa fundi mmoja niliyeelekezwa. Akaingia chini dakika tano, akatoka anapangusa mikono. "Mama, reki imekufa. Sili zote zimekwisha. Hapa ni kubadilisha." Reki ya mtumba 380,000, ufundi 70,000. Jumla 450,000.

Kwenye simu nilikuwa na 520,000. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya kwenda kuchukua mzigo wa Idi Kariakoo. Na kila anayeuza mashuka anajua zile siku za mwisho kabla ya sikukuu ndizo zinazobeba mwezi mzima. Nikilipa reki, naingia sikukuu na gari zima na duka tupu. Nisipolipa, nina mzigo na sina cha kuubebea. Nilikaa kwenye tairi bovu pale gereji nikipiga hesabu mpaka fundi akaniuliza kama naumwa.

Kilichoniokoa ni ubishi wa jirani yangu, baba mmoja aliyekuwa dereva wa malori. Aliniuliza swali moja tu: "Alilisafisha kwanza kabla hajakwambia ni reki?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hajaona panapovuja. Ameona palipolowa."

Hayo maneno mawili ningependa kila mwenye gari la zamani ayatofautishe. Mafuta yanatoka juu, yanateremka kwenye injini, upepo wa safari unayapeperusha nyuma, mwisho yanadondokea sehemu ya chini kabisa. Na reki iko huko huko chini. Kwa hiyo ukichungulia chini utakuta reki imelowa hata kama yenyewe ni nzima. Simwiti yule fundi wa kwanza tapeli. Aliona reki mbichi, gari la zamani, akaunganisha. Ila pesa iliyokuwa inatoka ilikuwa yangu, siyo yake, na ndiyo maana wa kudai uthibitisho nilikuwa mimi.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwomba aoshe kwanza. Hakubisha. Akaacha injini ipoe, akaosha eneo lote kwa maji ya sabuni na brashi, akakausha kwa kitambaa. Akajaza kikopo mpaka kwenye alama. Akaweka kadibodi safi chini ya gari. Akaniambia, "Mama, washa, halafu zungusha steringi kulia mpaka karibu na mwisho, rudi kushoto, taratibu. Ukifika mwisho usiishikilie hapo." Baadaye akanieleza kwamba ukiishikilia mwisho wa kona presha inapanda sana na pampu inateseka, kwa hiyo ni sekunde chache tu, unaachia. Wale tunaopaki tukiwa tumekunja hadi mwisho na kung'ang'ania, tunaiumiza.

Yeye alikuwa na tochi juu ya injini. Haikupita dakika tatu akaniita. Ule mpira wa kurudisha mafuta kwenye kikopo, pale unapoungana, ulikuwa unatoa jasho, halafu tone, halafu tone lingine. Tone linateremka, linapita pembeni ya pampu, linaishia juu ya reki. Reki yenyewe alipopangusa ilikaa kavu. Akaiminya na ile mipira ya kukunjana iliyoko pande mbili za reki, maana sili za ndani zikiwa zimekufa mafuta hujikusanya humo. Haikuwa na kitu.

Na sasa sikia sababu. Ule mpira haukuwa wa mafuta. Kuna fundi mmoja, siku za nyuma nilipobadilisha mipira ya injini, aliukata ule wa asili kwa bahati mbaya, akanifungia kipande cha mpira wa maji na kukikaza kwa waya wa kufungia. Nakumbuka hata nilimpongeza kwa kunipunguzia gharama. Mpira wa maji haujatengenezwa kukaa na oili. Oili inaulainisha, unavimba, unakuwa kama ubani uliotafunwa. Mzee aliuchomoa akanipa nishike. Ukiubonyeza haurudi.

Gharama ya kutengeneza hii hapa, kama nilivyolipa: mpira wa mafuta 10,000, klipu mbili za kukaza 3,000, oili lita moja 14,000, ufundi 20,000. Jumla 47,000. Faida yangu kwa shuka moja ni kama 6,000. Hiyo ni faida ya shuka nane. Na kumbuka nilikuwa nakaribia kulipa 450,000 kwa reki mpya kwangu ya mtumba, halafu mpira ungeendelea kudondosha juu yake.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kila kuvuja ni mpira wa elfu kumi. Kama kinachovuja ni ile paipu ya presha, usikubali mtu akukatie na kuunga kwa klipu. Presha yake ni kubwa mno, itachomoka ukiwa barabarani, na mafuta yakirukia ekzosi iliyochemka yanaweza kuwaka. Hiyo inabadilishwa nzima au inapelekwa kwa wanaobana paipu za presha kwa mashine. Kama ni sili ya pampu, utaona unyevu unaanzia nyuma ya puli ya pampu. Na kama kweli ni reki, basi ni reki, jipange. Ninachodai ni mtu akuonyeshe tone linapozaliwa kabla hujatoa pesa.

Kuhusu rangi, maana wengi mnaniuliza mambo ya namna hii inbox: kwenye Corolla yangu inaingia ile oili nyekundu ya gia boksi ya otomatiki, kifuniko cha kikopo kimeandikwa. Gari lako linaweza kutaka nyingine, Honda kwa mfano wana ya kwao, soma kifuniko au kitabu. Ukikuta nyekundu au hudhurungi chini kwa mbele, inaweza kuwa steringi au gia boksi. Nyeusi nzito mara nyingi ni ya injini. Kijani au pinki yenye wepesi wa maji ni ya rejeta. Na tafadhali, usimwage mafuta ya breki kwenye kikopo cha steringi eti kwa sababu ndiyo yaliyopo. Yanaharibu sili, na hapo utatengeneza mfumo mzima. Zile dawa za chupa za kuziba uvujaji nazo mimi sizipendi. Zinalainisha na kuvimbisha sili kwa muda, zikusaidie kufika nyumbani labda. Mpira uliotoboka haziuzibi.

Mzee alipomaliza kufunga, alinyanyua mbele kwa jeki, akaweka stendi, akazungusha steringi kushoto na kulia mara nyingi injini ikiwa imezimwa, huku anaongeza mafuta kidogo kidogo. Anatoa hewa. Ndipo akawasha. Mafuta yakiwa na povu ndani ya kikopo ujue hewa bado ipo. (Ukitaka kuchungulia chini mwenyewe, usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Mashuka yatauzwa na mtu mwingine.)

Nikaenda Kariakoo na 470,000 na kidogo, nikachukua mzigo, nikauza Idi vizuri. Stori ingeishia hapo ningekuwa shujaa.

Haikuishia. Kuvuja kuliisha, kadibodi kavu, lakini sauti haikuisha kabisa. Mzee aliniambia siku ile ile, "Pampu imekaa na njaa muda mrefu. Tuone." Mafuta ndiyo yanailainisha pampu. Mimi kwa miezi mitano nilikuwa nasubiri ilie ndiyo niilishe, kila wiki tatu siku mbili tatu inazunguka na hewa. Mwezi mmoja baadaye ikaanza kukwaruza. Pampu ya mtumba 110,000, ufundi 40,000, oili lita mbili za kusafisha mfumo na kujaza 28,000, mkanda mpya 15,000 kwa sababu wa zamani ulikuwa umelowa oili na kuanza kuteleza. Hiyo ni 193,000. Na mzee akasema nimebahatika, maana pampu ikijila yenyewe inatuma vumbi la chuma mpaka kwenye reki, na hapo ile 450,000 ingekuwa halali.

Jumlisha sasa. Chupa saba za kuongezea, 98,000. Mpira, 47,000. Pampu, 193,000. Jumla 338,000. Faida ya mashuka zaidi ya 56. Ningefika kwa mzee wiki ya kwanza ningelipa 47,000 na kulala.

Hizo chupa saba nilizijuaje? Hapa ndipo ninapotaka kuwachokoza. Daftari ninalo, naandika kila siku, najisifu hata kwenye kikoba. Nilipotafuta gharama ya oili ya steringi sikuiona. Kwa nini? Nilikuwa nimeandika "mafuta". Petroli nimeandika "mafuta". Oili ya injini "mafuta". Oili ya steringi "mafuta". Kiswahili chetu kina neno moja na mimi nikalitumia kama shimo la kutupia. Kila mwezi nikiona "mafuta" yamepanda nasema petroli imepanda bei, nalaumu pampu ya kituo wakati pampu yenye shida iko ndani ya gari langu. Ilibidi nirudi kwenye meseji za malipo ya simu, nikatafuta duka la oili moja moja, ndiyo nikapata saba.

Siku hizi gari lina ukurasa wake. Petroli mstari wake, oili ya injini mstari wake, na kitu chochote kinachoongezewa nje ya servisi naandika kwa kalamu nyekundu na tarehe. Kikijirudia mara mbili, gari linaenda kwa mzee. Siongezei mara ya tatu. Na fundi yeyote akinifungia kitu, nauliza kimetengenezwa kwa ajili ya nini. Wengine wanakasirika kuulizwa na mwanamke. Wakasirike.

Kuna dada alinijibu kwenye statasi yangu kwamba yote haya ni sababu ya kuuza gari na kutumia bodaboda. Kwa shuka moja moja namuunga mkono, mimi mwenyewe zile siku mbili gari likiwa gereji nilituma bodaboda na wateja walipokea. Lakini mteja wa mapazia ya nyumba nzima, na fimbo zake za mita tatu, huyo bodaboda hambebi. Na anayelipa akipokea nataka nifike mwenyewe, nimpimie dirisha, nimuuzie na la chumbani. Gari linaniingizia pesa. Nililiangusha mimi.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, sogeza kadibodi chini ya gari kwa mbele usiku huu. Ukikuta tone, niandikie hapo chini ni rangi gani na gari ni lipi, na kama una fundi anayeosha kabla ya kusema, weka eneo alilopo. Hasa wa upande wa Tegeta, kuna mama humu Noah yake inalia tangu mwezi uliopita na bado anaongezea.